Kalsiamu ya Matumbawe: Kuitengeneza Nyumbani na Kuitoa kwa Kipimo

Ukitaka kujua kama tumbawe gumu linakua, litazame nchani. Tawi la Acropora lenye afya huwa na ncha nyeupe, au iliyopauka kuliko mwili wake, kwa sababu pale ndipo mfupa mpya unapojengwa na rangi bado haijaufikia. Montipora ya bamba nayo huonyesha weupe huohuo ukingoni, ukizunguka kama pindo la leso. Siku weupe ule ukipotea na usirudi kwa wiki mbili tatu, ilhali samaki wanakula vizuri na maji yanang'aa, usikimbilie kubadilisha taa. Pima kwanza kalsiamu na alkali. Mara nyingi jibu liko hapo.

Tangi la matumbawe ni kipande cha bahari kilichotengwa na bahari. Matumbawe, konokono, chaza na ule mwani wa waridi unaoganda kwenye mawe, wote hunyonya kalsiamu usiku na mchana ili wajenge mifupa na magamba yao. Baharini kinachonyonywa hakionekani, kwa kuwa bahari ni kubwa mno. Katika lita 150 za maji, bandubandu huisha gogo.

Chupa za viwandani za kurudisha madini haya zipo na zinafanya kazi. Lakini kwa mfugaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, chupa hizo hutoka mbali, na sehemu kubwa ya uzito unaolipiwa nauli ni maji matupu. Ndani yake mna chumvi mbili za kawaida ambazo unaweza kuzipima kwa mizani ya jikoni. Njia hii ya chupa mbili si siri ya mtu. Nchini Ujerumani inafahamika kwa jina la Hans-Werner Balling, aliyeieneza miaka ya 1990, na mkemia wa Marekani, Randy Holmes-Farley, alichapisha mwaka 2006 mapishi yake yaliyoboreshwa, ambayo wafugaji wengi wanayafuata hadi leo. Vipimo ninavyovitoa hapa ni vya mapishi hayo, nimevigeuza viwe vya lita moja moja.

Kwa nini chupa mbili

Mfupa wa tumbawe ni kabonati ya kalsiamu, dutu ileile iliyomo kwenye gamba la yai na kwenye jiwe la chokaa. Ili kuijenga, tumbawe huchukua vitu viwili majini: kalsiamu, na bikabonati ambayo wafugaji huipima kwa jina la alkali. Huvichukua kwa uwiano usiobadilika. Kila alkali ikishuka kwa digrii 1 ya dKH (kizio cha kupimia alkali) kwa kazi ya kujenga mfupa, kalsiamu hushuka kwa takriban miligramu 7 kwa lita.

Tazama maana yake. Maji ya bahari yenye chumvi ya gramu 35 kwa kilo yana kalsiamu ya miligramu 410 hivi kwa lita, na alkali ya kama 7 dKH. Matumbawe yakitumia digrii 2, alkali itakuwa imeanguka kutoka 7 hadi 5, na hilo ni jambo kubwa. Kalsiamu itakuwa imetoka 410 hadi 396 tu, na kipimo chako huenda kisigundue. Ndiyo sababu mfugaji mzoefu hupima alkali mara nyingi kuliko kalsiamu: alkali hupiga kelele mapema.

Viwango vya kulenga ni hivi: kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, alkali 7 hadi 11 dKH, magnesiamu miligramu 1,250 hadi 1,350 kwa lita. Huhitaji kufika juu kabisa. Chagua kiwango kimoja, tuseme 8 dKH, ukikalie. Tumbawe huvumilia zaidi 7.5 ya kila siku kuliko 7 ya Jumatatu na 10 ya Alhamisi.

Aliye pwani anaweza kuuliza kama maji mapya ya bahari hayatoshi. Kwa tangi lenye matumbawe laini na magumu machache, yanatosha kabisa. Kwa tangi lililojaa matumbawe magumu hayatoshi, na hesabu yake ni fupi. Kalsiamu ikiwa 340 nawe ukabadilisha asilimia 10 ya maji kwa maji ya 410, utapata 347. Kesho yake matumbawe yameshaila.

Sokoni, jihadhari na majina yanayofanana

Hapa ndipo matangi mengi yanapoharibiwa kabla hata dawa haijachanganywa. Unahitaji vitu vitatu: kloridi ya kalsiamu, soda ya kuokea, na maji safi.

Kloridi ya kalsiamu hupatikana kwenye maduka ya kemikali, kwa wauzao vifaa vya kutengeneza jibini (kama kiungo cha chakula huitwa E509), na kwa wauzao dawa za mabwawa ya kuogelea, ambako hutumika kuongeza ugumu wa maji. Chagua ya daraja la chakula au la maabara. Kwenye duka la mabwawa soma lebo neno kwa neno, kwa sababu rafu hiyohiyo huwa na hipokloriti ya kalsiamu, yaani klorini ya kuua vijidudu. Majina yanakaribiana, lakini ya pili ikiingia kwenye tangi hakuna kiumbe kitakachosalia. Klorini hiyo hujitangaza kwa harufu kali, ilhali kloridi haina harufu. Ukiwa na shaka, usinunue.

Tazama pia asilimia kwenye lebo. Iliyoandikwa 74 hadi 80 ina maji ndani ya chembe zake, na ndiyo inayotumika kwenye vipimo vya hapa. Iliyoandikwa 94 hadi 97 ni kavu na ina nguvu zaidi, kwa hiyo utaitumia kidogo. Aina zote mbili hunyonya unyevu wa hewa kwa pupa. Katika hewa ya pwani, pakiti iliyoachwa wazi usiku kucha hugeuka uji, na tangu hapo mizani haisemi kweli, maana unapima kalsiamu pamoja na maji usiyojua kiasi chake. Ukifungua pakiti, hamishia kilichobaki kwenye chombo kinachofunga barabara.

Soda ya kuokea ni bikabonati ya sodiamu tupu, ile ya mandazi na keki. Beking poda sivyo: imechanganywa na unga wa asidi na wanga, nayo haifai. Vilevile usitumie magadi ya mawe, yale yanayochimbwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kama Magadi na Natron. Magadi hayo yana kabonati na bikabonati kweli, lakini yamebeba pia floraidi nyingi na mchanganyiko wa chumvi ambao hakuna mtu aliyekupimia. Katika baadhi ya maeneo watu huiita hata soda ya dukani "magadi soda", kwa hiyo usiliamini jina. Soma lebo iseme bikabonati ya sodiamu, bila kiungo kingine.

Maji yawe ya RO/DI, yaani yaliyochujwa na kuondolewa madini, au yaliyokenekwa. Maji ya bomba na ya kisima huja na nitrati, fosfati na pengine shaba. Kuna wanaotumia maji yaliyokenekwa yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari. Hapo napo pana mtego: "maji ya betri" ni jina ambalo muuzaji mmoja hulitumia kwa maji safi na mwingine kwa asidi ya betri. Nenda kwa muuzaji wa maji ya maabara au ya kiwandani, ukapate chombo chenye lebo inayoeleweka.

Chupa ya kwanza: maji ya kalsiamu

Vaa miwani ya kinga na glavu. Kwenye jagi la plastiki gumu au la kioo kisichopasuka kwa moto, tia maji safi mililita 700. Pima gramu 132 za kloridi ya kalsiamu ya asilimia 74 hadi 80. Kama yako ni ya asilimia 95 hivi, pima gramu 105.

Mimina unga ndani ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko wa plastiki. Usifanye kinyume chake, yaani kumwaga maji juu ya unga. Utaona jagi linapata joto mkononi kana kwamba umelitia chai. Chumvi hii hutoa joto inapoyeyuka, na ndiyo maana hatuitumbukizi yote kwa mara moja. Ikishayeyuka, iache ipoe kabisa. Halafu ongeza maji hadi ifike lita moja kamili. Ukisawazisha lita ingali na moto, ikipoa itapungua ujazo.

Maji haya yana kalsiamu ya miligramu 36 katika kila mililita. Iandike namba hiyo kwenye chupa, kwa sababu hesabu ya kalsiamu inaanzia hapo.

Chupa ya pili: maji ya alkali

Pima gramu 157 za soda ya kuokea. Itandaze kwenye trei, unene usiozidi sentimita moja, uiweke kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa saa moja. Joto huondoa maji na hewa ya kaboni na kuigeuza soda kuwa kabonati ya sodiamu. Asiye na oveni anaweza kuikaanga kwenye sufuria kavu ya chuma cha pua, moto wa wastani, akigeuza kila mara. Usitumie sufuria ya alumini iliyo wazi, kwa kuwa kabonati hula alumini.

Utajuaje imeiva? Mizani itakwambia. Gramu 157 za soda zikiiva sawasawa hubaki gramu 99 hivi. Ukipima ukapata 120, irudishe motoni. Ukipata 99, na baada ya dakika kumi nyingine motoni bado ni 99, kazi imekwisha. Njia hii ni ya kuaminika kuliko kitasa cha oveni, ambacho mara nyingi husema 150 huku ndani mna 120.

Unga wote uliobaki uyeyushe kwenye mililita 800 za maji safi ya uvuguvugu, ukiukoroga kwa subira, kisha ongeza maji hadi lita moja. Mililita 19 za maji haya hupandisha alkali ya lita 100 za tangi kwa digrii 1 ya dKH.

Kwa nini kuoka? Sababu ya kwanza ni kwamba soda isiyookwa haiyeyuki zaidi ya gramu 96 hivi kwa lita katika joto la kawaida la chumba, hivyo gramu 157 zitakaa chini ya chupa. Sababu ya pili ni pH. Soda iliyookwa hupandisha pH ya tangi, jambo linalosaidia wengi wanaoishi kwenye nyumba zilizofungwa kwa ajili ya kiyoyozi, ambamo hewa ya kaboni hurundikana. Kama pH yako tayari inapita 8.4, tengeneza chupa zote mbili kwa nusu ya nguvu: gramu 66 za kloridi ya kalsiamu na gramu 78.5 za soda isiyookwa, kila moja kwa lita yake. Hapo vipimo vyote vya mililita utakavyovisoma mbele uvizidishe kwa mbili.

Hakikisha kabla ya kuamini

Usitie tangini kitu ambacho hujakipima. Chukua lita moja ya maji safi, tia mililita 1 ya maji ya alkali, koroga, pima: yanapaswa kusoma karibu 5.2 dKH. Kisha chota lita moja ya maji ya tangi kwenye jagi lingine, pima kalsiamu yake, tia mililita 2 za maji ya kalsiamu, pima tena: namba inapaswa kupanda kwa takriban 72. Ikipanda kwa 40 tu, kloridi yako ilikuwa imeshakunywa unyevu. Maji haya ya majaribio yamwage; usiyarudishe tangini.

Tafuta ulaji wa tangi lako

Matangi mawili ya ukubwa mmoja hayali sawa. La mwenzako lenye Acropora ishirini linaweza kula mara tano ya lako lenye Euphyllia mbili. Kwa hiyo usiombe dozi ya mtu. Itafute mwenyewe, hivi:

1. Jua ujazo halisi wa maji. Tangi la lita 200 lenye mawe na mchanga huenda lina lita 150 tu.
2. Rekebisha chumvi ifike 35. Chumvi ikiwa chini, kalsiamu na alkali nazo zitasoma chini, nawe utatibu ugonjwa usiokuwepo.
3. Fikisha alkali na kalsiamu kwenye kiwango unachotaka.
4. Pima alkali saa fulani, tuseme saa mbili asubuhi. Kisha usiongeze chochote wala kubadilisha maji kwa siku tatu.
5. Siku ya tatu, saa ileile, pima tena.

Tuseme ulianza na 8.4 ukaishia 7.2. Zimepotea digrii 1.2 kwa siku tatu, yaani 0.4 kwa siku. Tangi lina lita 150. Chukua 0.4, zidisha kwa mililita 19, zidisha kwa 1.5 kwa sababu ni lita mia na nusu yake. Jibu ni 11.4. Tangi hilo linahitaji mililita 11.4 za maji ya alkali kila siku, na mililita 11.4 za maji ya kalsiamu. Kiasi ni sawasawa pande zote mbili, kwa kuwa mapishi yamepangwa kufuata uwiano uleule ambao tumbawe hutumia.

Baada ya wiki pima tena. Alkali ikiwa inashuka polepole, ongeza dozi zote mbili kwa sehemu ya kumi. Ikiwa inapanda, punguza kwa sehemu ya kumi. Matumbawe yakikua, ulaji nao hukua, kwa hiyo dozi ya Januari haitakuwa ya Juni.

Namna ya kutoa

Tumia sirinji mbili, kila moja na chupa yake, zenye alama za rangi tofauti. Usizibadilishe hata siku moja. Maji ya kalsiamu na ya alkali yakikutana kabla hayajasambaa, hugeuka papo hapo kuwa unga mweupe wa chokaa, na hilo likitokea kwenye bomba la pampu, utakuwa umepoteza dozi na pampu.

Alkali itoe asubuhi na mapema kabla taa haijawaka, wakati pH ya tangi iko chini kabisa. Tia polepole mahali penye mkondo mkali, mbali na matumbawe, au kwenye tangi la chini lenye pampu. Utaona wingu jeupe dogo likitokea na kutoweka kwa sekunde chache. Ni kawaida. Likikaa dakika nzima, unamimina haraka mno.

Kalsiamu itoe saa kadhaa baadaye. Kwa uchache kabisa ngoja nusu saa. Yenyewe haitoi wingu. Inaposhuka utaona maji yakicheza na kupinda mwanga, kama hewa inavyocheza juu ya paa la bati adhuhuri, kisha yanatulia. Hiyo ni chumvi nzito ikichanganyika.

Dozi ikizidi mililita 20 kwa siku, igawe mara mbili au tatu, au nunua pampu ya dozi yenye saa. Pampu ikifungwa, irekebishe kwa kuipima kwenye sirinji: iambie itoe mililita 10, uhesabu imetoa ngapi. Rudia kila mwezi.

Kusahihisha kilichoshuka sana

Dozi ya kila siku hulinda kiwango. Haiokoi kilichokwisha anguka. Kwa kusahihisha, hesabu upande mmoja peke yake. Mfano: kalsiamu ni 340, unataka 420, tangi lina lita 150. Pengo ni 80. Zidisha 80 kwa 150 upate miligramu 12,000, gawanya kwa 36. Jibu ni mililita 333. Usizimimine zote. Usipandishe kalsiamu zaidi ya miligramu 20 hivi kwa lita kwa siku, kwa hiyo hizo ni siku nne za mililita 83. Alkali usiipandishe zaidi ya digrii 1 kwa siku.

Kama kalsiamu na alkali hazipandi hata ukitia vipi, au hita na pampu zinavaa ganda jeupe, pima magnesiamu. Kazi yake moja ni kushika uso wa chembe za chokaa zinazoanza kuganda na kuzizuia zisikue. Ikipungua, chokaa huganda kwenye hita badala ya kwenye tumbawe. Ili kuipandisha kwa miligramu 10 kwa lita katika lita 100, yeyusha gramu 10 za chumvi ya Epsom, au gramu 8.4 za kloridi ya magnesiamu yenye maji. Marekebisho makubwa yafanye kwa siku kadhaa, na ukiweza changanya chumvi zote mbili ili salfati isirundikane. Ganda lililoko kwenye pampu liondoe kwa kuiloweka kwenye siki.

Kuna kitu kingine kinachoongezeka kimyakimya, nacho ni chumvi ya kawaida. Sodiamu ya chupa moja na kloridi ya nyingine hubaki majini baada ya tumbawe kuchukua chake. Kila lita moja ya chupa hizi kwa pamoja huacha gramu 105 hivi za chumvi. Tangi letu la mfano, linalotumia mililita 342 za kila chupa kwa mwezi, hupata gramu 36. Si balaa, lakini pima chumvi kila wiki, na endelea kubadilisha sehemu ya maji.

Chokaa kwa tangi dogo

Ipo njia ya zamani zaidi inayofaa tangi lenye ulaji wa wastani: maji ya chokaa, ambayo Mjerumani Peter Wilkens aliyaeneza kwa wafugaji katika miaka ya 1970. Hidroksidi ya kalsiamu ya daraja la chakula, nusu kijiko cha chai kwa lita ya maji safi, hutikiswa kisha huachwa itulie. Maji ya juu yaliyo maangavu kama kioo hutumika kufidia maji yanayokauka tangini, tone kwa tone, hasa usiku. Yanaleta kalsiamu na alkali pamoja, kwa uwiano sahihi, bila kuacha chumvi nyuma. Lakini pH yake hupita 12. Yakimiminwa kwa haraka huunguza matumbawe, na yakiingia machoni huumiza vibaya.

Watu wa mwambao hatuhitaji kufundishwa chokaa ni nini. Kuta za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, zikashikwa kwa chokaa iliyochomwa kutoka kwenye matumbawe hayohayo. Hata hivyo, chokaa ya ujenzi isiingie kwenye tangi, wala ile ya tambuu, kwa sababu hujui kilichochanganyika ndani yake.

Yasiyosameheka

Usihifadhi maji haya kwenye chupa za soda. Maji ya kalsiamu hayana rangi wala harufu, na mtoto mwenye kiu hatasoma lebo. Tumia madumu ya kemikali, uandike kwa wino usiofutika, uyaweke juu.

Siku ukisahau dozi, usitoe mbili kesho yake. Endelea na dozi ya kawaida, na kama alkali imeshuka, ipandishe taratibu.

Tangi zima likigeuka jeupe kama maziwa, acha kuongeza chochote. Fungua madirisha, ongeza hewa, safisha vichujio, badilisha sehemu ya maji, kisha ngoja. Kutia dawa ya kusahihisha dawa ndiko kunakomaliza tangi.

Na tumbawe la kuanzia usilivunje baharini. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini, na katika hifadhi kama za Malindi na Watamu hakuna ruhusa ya kugusa hata kipande. Mafia na Mtwara tayari zimewahi kuona miamba hai ikichimbwa kwa ajili ya tanuu za chokaa, na pale ilipochimbwa samaki walipoteza makao. Nunua au badilishana vipande vilivyokuzwa kwenye matangi.

Weka daftari kando ya tangi. Kila wiki andika tarehe, saa, alkali, kalsiamu, chumvi na dozi. Baada ya miezi mitatu utakuwa na maelezo ya tangi lako ambayo hakuna kitabu wala fundi anayeweza kukupa. Anza leo na kipimo cha alkali peke yake, chupa zitafuata.